Sifuri Inayoficha Mikono

Katika wodi ya watoto ya Nalufenya mjini Jinja, kama ilivyo katika Hospitali ya Rufaa ya Mbale, mtoto aliyezimia kwa malaria kali hupimwa fahamu kwa kipimo cha Blantyre, kilichobuniwa Malawi na Molyneux na Taylor kwa ajili ya watoto ambao hawajajua kusema. Macho alama 1, sauti 2, viungo 2. Akipata 2 au pungufu, na sababu nyingine za kuzimia zikiondolewa, huhesabiwa kuwa na malaria ya ubongo.

Kipimo ni chepesi, ndiyo maana kimedumu. Ila mtoto aliyelegea kabisa na yule anayekunja mikono kifuani kila akibanwa, wote wawili hupewa sifuri ya viungo. Kipimo cha Glasgow huwatenganisha: mkunjo usio wa kawaida 3, kunyooka 2, bila mwitikio 1.

Muuguzi hukandamiza ukucha kwa kalamu iliyolazwa. Mtoto anayekwepa maumivu huuondoa mkono, na kiwiko huachana na ubavu. Katika mkao mbaya, mkono hung'ang'ania ubavu, kiwiko hujikunja polepole, kidole gumba hufichwa ndani ya ngumi, miguu hukakamaa. Hali ikizidi, mikono nayo hunyooka na viganja hugeukia nyuma. Mgongo ukipinda kama upinde, fikiria pia pepopunda, ingawa mgonjwa wa pepopunda huwa macho na anajua yanayompata.

Mama atasema ni degedege, na mara nyingi hakosei. Tafuta mdundo: degedege hurusha viungo kwa mapigo, pengine pembe ya mdomo tu hucheza. Mkao hushika bila mapigo, tena huamshwa na kugeuzwa au kufyonzwa makohozi. Kabla ya kuchukua diazepamu, pima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 2.2 kwa lita, huenda glukosi pekee ikailegeza mikono.

Mwaka 2005 Richard Idro, daktari Mganda, na wenzake walichapisha utafiti wa Kilifi, Kenya: zaidi ya theluthi ya watoto wenye malaria ya ubongo walikuwa na mikao hii, na kwa karibu nusu yao ilianza wakiwa wameshalazwa. Kupima mapokezini tu hakutoshi. Na namba pekee haifai kwenye faili, nisingekubali pungufu ya hivi: "Saa nane usiku. Blantyre 1. Mikono yote hukunjika akibanwa ukucha, wa kushoto zaidi. Sukari 4.1." Daktari wa asubuhi akiikuta imenyooka, atajua imebadilika tangu lini.