Sikukuu ya Rangi na Mgeni Aliyefichwa: Uhakiki wa Tamthilia ya Ratnavali

Holi, sikukuu ya Wahindu ya majira ya machipuko, husifiwa kuwa siku inayofuta tofauti: tajiri na maskini, bwana na mtumishi, wote hupakwa rangi. Wanaoitetea sifa hiyo huirudisha kwenye mizizi ya kale. Ushahidi mmoja mashuhuri wa mizizi hiyo ni Ratnavali, tamthilia ya Kisanskriti ya karne ya 7 inayonasibishwa na mfalme Harsha. Makala haya yanadai kwamba tamthilia yenyewe inaipinga sifa hiyo.

Katika tendo la kwanza, mji wa Kaushambi unasherehekea machipuko. Unga wa rangi umejaa hewani, watu wanacheza na kurushiana maji. Lakini tuangalie nani yuko wapi. Mfalme Udayana anatazama kutoka juu ya kasri. Chini yumo Sagarika, mtumishi wa malkia, ambaye kwa kweli ni binti wa mfalme wa Sri Lanka aliyenusurika chombo kilipovunjika baharini. Malkia Vasavadatta anachelea mfalme asije akamwona, hivyo anamwamuru arudi kutunza ndege. Sagarika anaitazama ibada ya siku hiyo akiwa mafichoni.

Mwisho wa mchezo unathibitisha hoja hii. Sagarika anafungwa minyororo, na kinachomfungulia njia ni mkufu wa vito unaotambuliwa na wajumbe wa kwao. Malkia aliyemfunga sasa anamwita ndugu.

Msomaji wa Nakivale anaielewa haraka nguvu ya mkufu huo. Katika makazi haya wamo walimu na wauguzi waliokimbia Kongo na Burundi bila vyeti. Wakifika Mbarara kutafuta kazi, ujuzi walio nao hauna wa kuushuhudia. Wahindi wa Uganda nao, waliopewa siku 90 kuondoka mwaka 1972, walionja kwamba kuishi pamoja si sawa na kukubaliwa.

Huenda mtu akasema kwamba kosa ni la kasri, si la sikukuu. Ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo, mtunzi ndiye aliyechagua siku ya furaha ya wote kuwa siku ya kumficha mgeni, na hapo ndipo ubora wa kazi yake ulipo. Udhaifu wake ni suluhisho: haki inamfikia Sagarika kwa sababu ya ukoo wake. Angekuwa binti wa mvuvi, nani angemfungua?