Kambare Hai kwenye Ndoano ya Sangara

Wanunuzi wa mwaloni Kirumba, Mwanza, humtazama sangara mdomoni. Alama ya ndoano kwenye taya, bila michubuko ya nyavu nyuma ya matamvua, inaonyesha alivyovuliwa. Huyo mara nyingi amenaswa kwa chambo cha kambare mdogo.

Zana yenyewe ni kamba ndefu inayotegwa jioni, yenye vikamba vifupi vinavyoning'inia kwa nafasi, kila kimoja na ndoano yake. Ustadi uko kwenye chambo. Furu anapendwa na sangara, lakini akishachomwa ndoano hafiki mbali. Kambare ni mgumu kufa. Juu ya matamvua ana kiungo cha kuvutia hewa, kwa hiyo husafiri ndani ya ndoo yenye maji kidogo na kufika ziwani akiwa na nguvu. Mvuvi makini humchoma kwenye nyama ya mgongo, mbali na uti na matumbo, ili aendelee kupapatika gizani. Mpapatiko huo ndio unaomwita sangara.

Tena chambo hicho huchagua. Sangara mchanga hutegemea zaidi uduvi. Akikua hugeukia samaki. Ndoano kubwa yenye kambare humwacha mdogo, na hilo ni jambo kubwa pale sheria inapokataza sangara wa chini ya sentimita 50.

Kina nacho kina hesabu yake. Sangara hastahimili maji yenye oksijeni haba. Msimu wa joto maji ya Ziwa Victoria hujipanga matabaka, na kule chini oksijeni hupungua sana. Hapo kamba za maboya yanayoibeba zana hufupishwa ili ndoano zikae juu. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huyachanganya maji, na ndoano zinaweza kushushwa.

Udhaifu wa njia hii ni mahali chambo kinapotoka. Mvua zikinyesha, kambare hupanda mito na kuingia kwenye majani yaliyofurika kutaga. Anayewasomba watoto wake kwa kokoro, wavu wa kukokota ufukweni, huondoka pia na vifaranga vya sato. Kenya na Uganda tayari wapo wafugaji wanaototoa kambare na kuwauzia wavuvi wa sangara. Mwanza ina chuo cha uvuvi Nyegezi na kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI). Utaalamu wa kutotoa kambare upo. Halmashauri zisaidie vijana wa mialoni kufungua mabwawa ya chambo, na kokoro lipoteze soko.