Nani Anahesabiwa Kwenye M-Pesa?

Ukisoma kuhusu M-Pesa kwa muda, lazima utakutana na nambari 194,000. Hizo ndizo kaya ambazo wanauchumi Tavneet Suri na William Jack walikadiria kwamba huduma hiyo iliziondoa katika umaskini, yaani asilimia 2 ya kaya zote za Kenya. Makala yao ilitoka katika jarida la Science mwaka wa 2016. Tangu hapo nambari hiyo inarudiwa kama methali. Mimi nataka kuuliza tu: walijuaje?

Tuwape haki yao kwanza. Hawakuiokota barabarani. Kati ya 2008 na 2014 walizirudia kaya zile zile, wakauliza zinatumia pesa ngapi. Kisha wakalinganisha sehemu ambako mawakala waliongezeka haraka na sehemu ambako hawakuongezeka sana. Hapo walicheza kama wao. Ukilinganisha tu mwenye M-Pesa na asiye nayo, huenda mwenye nayo alikuwa na chapaa tangu zamani. Waliona pia kwamba kaya zinazoongozwa na wanawake ndizo zilizofaidi zaidi.

Sasa weka hojaji kando, ufungue Reimagining Money, kitabu cha mwanaanthropolojia Sibel Kusimba kilichotoka 2021. Yeye alikaa na familia, hasa za magharibi mwa Kenya, akachora nani humtumia nani. Katika michoro hiyo, akina mama na dada mara nyingi ndio njia panda: pesa inaingia kwao kutoka huku, inatokea kule. Anaandika pia juu ya mambo ambayo hakuna mtu atamwambia mgeni aliyebisha hodi na tableti mkononi: nani ana ruhusa ya kuomba, nani ataona aibu, nani anaficha pesa yake.

Hapo ndipo neno "kaya" linaanza kuyumba. Mimi nalala Nairobi, lakini sehemu ya mshahara wangu inaliwa shags. Niko kaya gani? Hojaji ikimfikia mama, itaona matumizi yamepanda. Ikinifikia mimi, itaona yameshuka. Itaandika hata kwamba nilituma. Haitaandika kwamba nilituma kwa sababu mwezi uliotangulia nilikuwa sishiki simu, na shangazi akaanza kuuliza kama mji umenimeza.

Mwaka wa 2019, Milford Bateman na wenzake waliipinga makala ya Suri na Jack. Walidai kwamba ilisahau biashara ndogo zilizokufa na madeni yaliyowalemea watu. Naona hoja yao ina uzito: ukihesabu mama mboga aliyefungua kibanda, mhesabu pia jirani aliyefunga.

Lakini Kusimba naye hawezi kuniambia ni watu wangapi. Familia anazozijua vizuri haziwezi kusema kwa niaba ya Turkana au Kilifi, na serikali haipangi bajeti kwa michoro. Kwa hivyo siwezi kuitupa hojaji.

Kinachoniudhi ni vile njia hizi mbili huchanganywa. Ripoti nyingi hujaza majedwali, halafu zinatupia maneno mawili matatu ya mama fulani pembeni, kama kachumbari. Mazungumzo yangetangulia. Kaa na watu kwanza, ujue pesa kwao ina maana gani, ndipo uandike maswali ya kwenda kuuliza maelfu. Hapo nambari itakuwa inahesabu kitu ambacho wenyewe wanakitambua.

Mimi ningeanza na swali moja ambalo kila Mkenya analielewa: mara ya mwisho ulipotuma, uliweka na ya kutoa? Halafu ningeuliza: ni nani alikuwa akikudai hadi ukaiweka?