Pongezi kwa Maseremala wa Keko

Anayeishi chumba kimoja cha kupanga anaijua hesabu: kitanda, jiko la gesi na ndoo za maji vikishaingia, meza ya kazi inabakiwa na kipande tu cha ukuta. Meza nyingi za dukani zimeundwa kwa nyumba zenye nafasi. Hapo ndipo seremala wa Keko, wilayani Temeke, Dar es Salaam, anapostahili sifa.

Mpelekee upana wa ukuta na kimo cha dirisha, atakuchorea meza palepale juu ya kipande cha ubao. Sentimita 60 kwenda mbele zinatosha kompyuta na daftari. Kimo cha sentimita 75 hivi kinawafaa wengi. Chumba kikibana zaidi, atakufungia ubao ukutani kwa bawaba, uukunje ukimaliza kazi.

Bei nayo inazungumzika, maana mbao unachagua mwenyewe. Mninga ni imara, unapendeza, na ni ghali. Mbao za msonobari, zinazotoka kwenye misitu ya kupandwa kama Sao Hill kule Mufindi, ni nyepesi na nafuu. Zikipigwa randa, msasa na vanishi vizuri, hazikuaibishi mbele ya mgeni. Unatoa kianzio, salio ukija kuchukua. Na mguu ukilegea baadaye, fundi unajua pa kumpata.

Hongereni, mafundi. Kazi yenu huanza kwa kuuliza chumba kina ukubwa gani, ndiyo maana meza zenu hupita mlangoni.