Kilboksi ya RimWorld: ulinzi mkamilifu unavyojiongezea maadui

Waulize wachezaji wa RimWorld kama ni haki kujenga kilboksi, na mazungumzo yatagawanyika papo hapo. Upande mmoja utakuambia kwamba kilboksi ndiyo akili ya mchezo: umepewa mawe, chuma na muda, kwa nini usijenge mahali ambapo adui anaingia na hatoki? Upande wa pili utakuambia kwamba kilboksi imeua mchezo: wavamizi hamsini wanajipanga foleni kwenda kufa, mchezaji anatazama tu, na hakuna kisa cha kusimulia baadaye.

Ubishi huu huchukuliwa kuwa wa ladha, mtu na chaguo lake. Mimi naona una mizizi ndani ya hesabu ya mchezo wenyewe. Pande zote mbili zinasema kweli, kwa sababu RimWorld humjibu kila mchezaji kulingana na anavyojilinda. Anayejenga kilboksi huletewa mchezo unaohitaji kilboksi. Anayepigana uwanjani huletewa mchezo unaovumilia uwanja. Ili kuona hilo, inabidi tufungue mitambo mitatu: njia, utajiri na mazoea.

Aina mbili ndani ya gemu moja

RimWorld ni kazi ya Tynan Sylvester na studio yake ya Ludeon, ya nchini Kanada. Ilichangiwa fedha na wachezaji kupitia Kickstarter mwaka 2013, ikaanza kuuzwa Steam ikiwa bado inajengwa Julai 2016, na toleo la 1.0 likatoka tarehe 17 Oktoba 2018. Katika mwanzo wake wa kawaida, watu watatu wanaanguka kwenye sayari ya pembezoni, na mchezaji anawapangia kazi: kulima, kupika, kujenga, kutibu, kuchimba. Kila mmoja ana jina, umri, ujuzi, udhaifu, ndugu na wapenzi. Huyu hataki kabisa kufanya kazi za mikono, yule anapenda kuchoma vitu moto akichanganyikiwa. Hilo ni gemu la makazi.

Kisha wavamizi wanatokea ukingoni mwa ramani, kwa mawimbi, na kila wimbi kwa kawaida ni zito kuliko lililopita. Hapo tumeingia kwenye gemu la ulinzi wa minara. Tofauti ni kwamba katika magemu mengi ya aina hiyo njia ya adui huchorwa na mbunifu, nawe unapanga silaha kandokando yake. Katika RimWorld hakuna njia iliyochorwa. Kila ukuta unaojenga kwa ajili ya jikoni, ghala au chumba cha kulala unabadilisha njia ya adui, upende usipende. Mwashi wako ndiye mchora ramani ya vita.

Adui anachaguaje njia

Mvamizi wa kawaida hutafuta namna ya kuwafikia watu wako bila kuvunja kitu. Ukuta kwake ni kizuizi. Mlango wako, hata usipoufunga kwa amri, hauhesabiwi kuwa njia huru. Ukiyazungushia makazi ukuta usio na upenyo, wavamizi hawana pa kupita, basi huanza kubomoa. Ukiacha upenyo mmoja, hata wa upana wa mraba mmoja, wote huuelekea kama maji yanavyofuata mkondo, hata kama kuufikia kunawalazimu kuzunguka makazi yote.

Kilboksi imejengwa juu ya tabia hiyo moja. Upenyo unafungukia ushoroba mwembamba wenye mitego ya miiba. Ushoroba unaishia kwenye ukumbi mtupu usio na jiwe wala mti wa kujificha. Upande wa pili wa ukumbi wamejipanga watu wako nyuma ya viroba vya mchanga. Kiroba hutoa kinga ya asilimia 55, na kona ya ukuta asilimia 75, ilhali adui aliyesimama katikati ya ukumbi hana kinga yoyote. Bunduki kumi zinamlenga mtu mmoja, na mwenzake wa nyuma hawezi kumsaidia kwa sababu ushoroba hauruhusu wawili kupita. Baadhi ya wachezaji huweka wapiganaji watatu wenye mapanga kwenye mdomo wa ushoroba, ili kila anayechomoza akutane na mikono mitatu kabla hajainua silaha.

Wanaoipenda kilboksi wana sababu nzuri. Kuielewa tabia ya adui, kuigeuza kuwa ramani ya kuta na kuona ramani inafanya kazi ni raha halisi ya uhandisi. Mchezaji hakudanganya mahali popote. Amesoma kanuni na kuzitumia.

Pointi za uvamizi zinatoka wapi

Mtambo wa pili ndio unaozua malalamiko mengi zaidi. Ukubwa wa kila uvamizi huamuliwa kwa pointi, na pointi hutoka hasa kwenye utajiri wa makazi na idadi ya watu. Utajiri chini ya 14,000 hauleti pointi yoyote ya upande huo. Ukifika 400,000, unaleta pointi 2,400. Kutoka hapo mwinuko unapungua: 700,000 ni pointi 3,600, na 1,000,000 ni 4,200. Kila mkazi naye huongeza pointi, na thamani yake hupanda kadiri makazi yanavyotajirika: karibu 15 katika umaskini, 140 utajiri unapofika 400,000.

Chukua makazi ya watu 10 yenye utajiri wa 400,000. Utajiri unatoa 2,400, watu wanatoa 1,400, jumla 3,800 kabla ya vizidishi vingine. Mchezo huzitumia pointi hizo kununua maadui. Mashine nzito iitwayo Centipede ina bei ya 400, kwa hiyo wimbi linaweza kuwa na Centipede tisa, na pointi zinazobaki zinatosha kuongeza Scyther mmoja wa 150. Katika ngazi ngumu kabisa, Losing is Fun, pointi huzidishwa kwa 2.2. Dari ni pointi 10,000.

Kinachowaudhi wachezaji ni kinachohesabiwa kuwa utajiri. Sanamu iliyochongwa na msanii wako ni utajiri. Dhahabu iliyolala ghalani ni utajiri, pamoja na mahindi ya ziada na nguo za maadui waliokufa. Hata mguu wa bandia aliofungwa mkazi aliyepoteza wake vitani unaongeza thamani yake. Majengo huhesabiwa kwa nusu ya thamani, na huo ni uamuzi wa busara, kwa sababu bila hivyo kila ukuta wa kujilinda ungemwita adui kwa nguvu ileile ya dhahabu. Lakini nusu si sifuri. Bunduki ya kujiendesha unayoijenga kwa hofu ya wimbi lijalo inachangia kulikuza wimbi hilo.

Matokeo yake ni tabia ambayo wachezaji wengi wazoefu wanaifuata huku wakiilalamikia: kuchoma vitu vya ziada, kuacha sakafu bila vigae, kuwanyima wakazi vyumba vizuri, kuishi kimaskini kwa makusudi. Malalamiko hayo nayaona ya haki. Gemu linalokupa wachongaji, wapishi na wajenzi linakualika utajirike, kisha hesabu yake inakufanya uuogope utajiri. Utetezi nao una uzito: bila kipimo hicho, makazi yenye miaka kumi yangevamiwa na watu wanne wenye marungu, na mchezo ungelala usingizi.

Mazoea: kizidishi kisichoonekana

Mtambo wa tatu ndio unaoeleza ubishi wetu. Mchezo unafuatilia jinsi unavyoumia. Siku zinapopita bila mkazi kufa wala kuangushwa, kizidishi cha mazoea hupanda na mawimbi hukua. Mkazi anapokufa au kuangushwa vitani, kizidishi hushuka na mawimbi yajayo hupungua, kwa kiasi kinachotegemea ngazi ya ugumu uliyochagua.

Sasa waweke wachezaji wawili mbele ya mtambo huo. Wa kwanza ana kilboksi kamili. Hapotezi mtu. Kizidishi chake kinapanda, wimbi linakuja zito zaidi, naye anaongeza mitego na bunduki, ambazo ni utajiri, ambao ni pointi. Wimbi linalofuata haliwezekani tena kupigwa uwanjani. Mchezaji huyu anaposema kwamba bila kilboksi huwezi kuishi, anaripoti kwa usahihi hali ya makazi yake.

Wa pili anapigana nyuma ya miamba na kona za nyumba. Anapoteza mtu leo, kesho wawili wamelazwa. Kizidishi chake kinashuka na mawimbi yanabaki ya kiasi. Akisema kwamba kilboksi haihitajiki, naye anaripoti kweli ya makazi yake. Wakikutana wataitana wazembe au waoga, kumbe hawajawahi kukutana na adui yuleyule. Mchezo ulimpa kila mtu adui wake.

Hii ndiyo sababu siamini kwamba swali la kilboksi linaweza kumalizwa kwa kura ya wachezaji. Kura itapima ni mzunguko gani watu wengi wameingia. Haitapima ubora wa mchezo.

Mbunifu alijibu vipi

Sylvester aliusikia ubishi huu kwa miaka, na jibu lake linafaa kusomwa na kila anayebuni magemu. Hakuipiga kilboksi marufuku. Aliongeza gharama za kuitegemea peke yake.

Tangu matoleo ya awali walikuwepo maadui wasiofuata foleni: wanaochimba njia yao kupitia kuta, wanaopiga kambi mbali na kurusha makombora, na wanaoshuka kwa vyombo kutoka angani hadi katikati ya chumba cha kulia. Aliyejificha ndani ya mlima aliletewa wadudu wanaozuka chini ya paa la mwamba. Katika matoleo ya 2018 ya kuelekea 1.0, mtego wa miiba ukawa unaharibika ukishanasa mara moja, haukuruhusiwa tena kugusana na mwenzake, na bunduki za kujiendesha zikawa zinahitaji kukarabatiwa mtutu baada ya kufyatua sana. Ulinzi ukawa na bili.

Februari 2020, nyongeza ya Royalty ilileta makundi ya mashine yanayotua nje ya makazi na kukaa hapo, yakisababisha madhara hadi uyafuate. Kilboksi haina kazi kwa adui asiyekuja. Julai 2021, toleo la 1.3 likaleta wavunja kuta, wenye shoka na mabomu ya mkono, na mashine iitwayo Termite, ambao lengo lao ni kufungua tundu mahali ambapo hukupanga.

Mapokezi yaligawanyika tena. Waliochoka na foleni walishangilia kwa sababu kila uvamizi ulianza kuuliza swali lake. Waliojenga kilboksi kwa uangalifu waliona kazi yao imetobolewa ubavuni, na wengine wakatafuta modi za kumwondoa adui huyo. Nadhani Sylvester alikuwa sahihi. Ukuta wa nje ukivunjwa, vita vinahamia kwenye korido, jikoni na wodi, na hapo ndipo nusu mbili za mchezo zinapokutana. Mpishi ambaye hajawahi kushika bunduki analazimika kusimama mlangoni. Daktari anachagua amfunge nani jeraha kwanza. Mnara wa kawaida ukianguka unajenga mwingine. Mkazi akianguka, mkewe anavunjika moyo, shamba linakosa mkulima, na wiki mbili baadaye njaa inatokana na risasi moja. Hakuna kilboksi inayoweza kuzaa mfululizo huo ikiwa haipenyeki.

Pia alifanya jambo la pili lililo bora zaidi: aliwakabidhi wachezaji vishikizo. Mipangilio ya ugumu inaruhusu kuzima mitego, bunduki za kujiendesha au mizinga ya makombora, kupunguza ukubwa wa tishio, na kuchagua hali ambamo mawimbi hukua kwa muda uliopita badala ya utajiri. Mtu anayetaka kujenga kasri lenye sanamu katika kila chumba bila kuadhibiwa anaweza.

Kilichobaki

Deni moja bado halijalipwa. Mchezo unaonyesha mchoro wa utajiri wako kwenye ukurasa wa historia, lakini hesabu inayogeuza utajiri huo, watu na mazoea kuwa wimbi la maadui haionyeshwi. Wachezaji wameijua kwa kuchambua faili na kufundishana. Mgeni anaona tu kwamba alichonga sanamu, akavamiwa na kikosi kizito, akahitimisha kwamba mchezo hauna haki au kwamba yeye hana uwezo. Mahitimisho yote mawili si sahihi.

Dawa ni ndogo. Baada ya kila uvamizi, mchezo uonyeshe pointi zilitoka wapi: kiasi hiki utajiri, kiasi hiki watu, kiasi hiki kutopoteza mtu kwa muda mrefu. Mchezaji wa kilboksi angeona kwamba ukamilifu wake ndio unaomlea adui wake, na angeamua kwa macho wazi kama anataka kuendelea na mashindano hayo. Wengi wangeendelea, na ingekuwa haki yao kabisa.