Deni la Wapiga Ala

Sisi tumezoea kuchangia harusi, misiba na karo za watoto wa ndugu. Kuchangia filamu ni jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka nilipopata kisa cha Denny Tedesco wa Los Angeles. Baba yake, Tommy, alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa studioni. Gitaa lake limo katika muziki wa Bonanza, mchezo wa televisheni uliotazamwa na mamilioni, lakini watazamaji hao hawakumjua hata kwa jina. Mwaka 1996 mzee akiwa mgonjwa wa saratani, mwana alianza kumpiga picha pamoja na wapiga ala wenzake. Mwaka uliofuata mzee akafariki.

Filamu hiyo, The Wrecking Crew, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, kisha ikakwama. Ubovu haukuwa sababu. Imejaa nyimbo, na kila wimbo una mwenyewe anayetaka chake. Ziondoe nyimbo, nawe umebaki kumsifia mtu pilau mbele ya sahani tupu. Mwishoni mwa 2013 Tedesco alipitisha bakuli kwa intaneti, kupitia Kickstarter, akapata zaidi ya dola 300,000. Mwaka 2015 filamu ikaingia katika majumba ya sinema. Mimi sikuchanga, habari zilinifikia bakuli limeshaondolewa.

Je, ilistahili? Nadhani ndiyo, ingawa si kwa sababu zote alizozitoa mwana. Panapopendeza kuliko pote ni pale wazee wanapoketi mezani na kutaniana: Tommy, Hal Blaine wa ngoma, Plas Johnson wa saksofoni na Carol Kaye wa gitaa la besi. Hapo ndipo mtu anapojua kwamba katika Mr. Tambourine Man ya mwaka 1965, kati ya vijana wa The Byrds aliyepiga ala ni Roger McGuinn peke yake. Waliobaki waliimba, au hawakuwamo kabisa; kazi ilifanywa na hawa watu wazima wa kukodiwa.

Kisha Carol Kaye anashika gitaa lake. Anapiga besi ya The Beat Goes On kama alivyoikuta, kavu, haina ladha. Halafu anapiga ile aliyoibuni mwenyewe papo hapo. Ndiyo hiyo dunia inayoijua. Lakini mtunzi anayetajwa ni Sonny Bono peke yake, na malipo ya Kaye yalikuwa ujira wa siku ile. Nilitazamia filamu isimame hapo, iulize nani alitajirika kwa vidole vya mama huyu. Haikusimama. Mwana anawapenda mno rafiki za baba yake, hataki kuwachokoza wala kuwaudhi wakubwa waliokuja kuwasifu. Hata jina la filamu, lenye maana ya kikosi cha wavunjaji, Kaye mwenyewe amelikataa kwa miaka mingi; na mwaka 2025 alipotakiwa kuingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame, alikataa kwenda, na jina hilo likiwa miongoni mwa sababu zake.

Hata hivyo, kuna jambo moja linalonifanya nijute kuchelewa. Sehemu ya deni lililokuwa likidaiwa ni malipo ya wapiga ala wenyewe, kupitia chama chao, kwa sababu kazi yao ya zamani ilikuwa inatumiwa upya. Kwa hiyo aliyechanga hakununua sifa tu. Alitia kitu mfukoni mwa watu walewale walioonyeshwa.

Filamu hiyo niliitazama pamoja na mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyewahi kurekodi Radio Tanzania akiwa mpiga rithimu wa bendi ambayo watu wanamkumbuka mwimbaji wake tu. Kiingereza hakimpandi vizuri, nikawa namfasiria. Wakati wa The Beat Goes On alininyamazisha kwa mkono. Ilipokwisha akaniuliza:

“Mwanangu, huyu mama walimlipa?”

“Ujira wa siku ile, mzee.”

Akatikisa kichwa, akaniambia nirudishe nyuma, amsikie tena.