Kifusi Kilichogeuka Kuta

Mwaka 1902, vita vya Waingereza na Makaburu vilipokwisha, msanifu Herbert Baker alijijengea nyumba juu ya ukingo wa Parktown, Johannesburg. Inaitwa Stonehouse. Anayejenga mlimani leo, iwe Northcliff ya Johannesburg au Ngong ya Kenya, bado ana mengi ya kujifunza hapo, kuanzia na mahali mawe yalikotoka: kiwanjani hapohapo.

Ukingo huo ni mwamba wa kwatzaiti, mgumu, wenye rangi ya kijivu iliyoingia kutu. Ukichimba msingi juu yake, utatoa mawe utake usitake. Wengi huyaita kifusi na kulipia lori liyaondoe. Baker aliyapandisha yakawa kuta, kwa hiyo kila jiwe lililong'olewa liliacha nafasi ya sakafu na likaongeza ukuta.

Hakuwa wa kwanza kuujua mwamba huo. Kwenye vilima vya Melville Koppies, humohumo Johannesburg, ambako mwanaakiolojia Revil Mason alifukua tanuri la kale la chuma mwaka 1963, kuna mabaki ya kuta za Wasotho na Watswana zilizopangwa jiwe juu ya jiwe, bila chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupitisha maji. Mvua za Johannesburg ni za kiangazi cha huko, nyingi za radi, za alasiri. Kinyume chake, ukuta wa saruji unaozuia udongo wa mteremko, usipoachiwa matundu, husukumwa na maji yaliyojaa nyuma yake hadi upasuke.

Lakini ufundi wenyewe uko kwenye jua. Johannesburg iko nyuzi 26 kusini mwa ikweta, na ukingo wa Parktown unatazama kaskazini, linakopita jua la mchana. Saa sita mchana mwezi Juni jua huwa nyuzi 40 tu juu ya upeo. Desemba hukaribia utosini, nyuzi 87. Chukua kibaraza chenye kina cha mita 2.5 na tao lenye kimo cha mita 3. Juni mwanga utakivuka na kuingia chumbani kama mita 1. Desemba utaishia ukingoni mwa kibaraza. Joto hilo la Juni hunywewa na sakafu ya mawe na kuta nene, kisha hurudishwa polepole usiku, nje kukiwa na jalidi. Nairobi hesabu hii haifai: jua hupita kaskazini Juni na kusini Desemba, basi kivuli kinahitajika pande zote mbili.

Inaniuma kuona mlima ukikatwa ukawa bapa, kisha vipande vya jiwe vya sentimita 3 vikabandikwa juu ya matofali ya saruji yenye uwazi ndani. Jicho linaona jiwe, lakini joto halina pa kulala.

Mwenye kiwanja cha mteremko ayatenge mawe yake kabla lori halijaja: makubwa ya msingi na pembe, bapa ya sakafu, madogo ya kujazia nyuma ya ukuta ili maji yapate njia.